Had na umbo la tatu la kitenzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojifunza Kiingereza Dar es Salaam

Maswali yaliyo hapa huulizwa na watu wa kila namna: mwanafunzi wa kidato cha nne anayeukaribia mtihani wa Baraza, karani wa Posta Mpya anayemwandikia bosi asiyejua Kiswahili, kijana wa Mbagala anayesubiri usaili wa hoteli, mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuatilia mzigo wake uliokwama Guangzhou. Wengi wao kanuni wanaijua. Kinachowaangusha ni neno linalokuja baada ya had, na mara nyingine had yenyewe.

Past perfect ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni tensi ya jambo lililokuwa limekwisha kabla ya jambo jingine ambalo nalo limepita. Unajiweka kwenye saa fulani ya jana, halafu unasimulia kilichoitangulia saa hiyo. Kwa Kiswahili tunafanya hivyo kila siku bila kujiuliza:

Nilipofika stendi ya Mbezi, basi la Tanga lilikuwa limeondoka.
When I got to the Mbezi terminal, the Tanga bus had left.

Muundo wake ni mfupi: had, kisha umbo la tatu la kitenzi, lile ambalo vitabu vya sarufi huliita past participle na wanafunzi hulijua kama safu ya tatu ya orodha ya go, went, gone. Had haibadiliki kwa nafsi yoyote: I had, she had, we had, the children had. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kitenzi.

Nikisema "I was already eaten", kosa liko wapi?

Umesema kwamba wewe ndiye uliyeliwa.

Kosa hili lina asili yake, wala si uzembe. Kiswahili husema "nilikuwa nimekula", na tangu shule ya msingi tumezoeshwa kwamba "nilikuwa" ni I was. Basi ulimi unaleta was, kisha unatafuta cha kuweka mahali pa -me-. Katika muundo huu was haina nafasi. "Nilikuwa" ikishikana na -me- huzaa had na umbo la tatu kwa pamoja:

Nilikuwa nimekula. I had eaten.
Mama alikuwa amepika. Mother had cooked.
Walikuwa wameshalipa nauli. They had already paid the fare.

Ukilishika hili umevuka nusu ya safari. Tensi yenyewe si ngeni kwako. Unaitumia tangu utotoni, unachobadilisha ni vifaa vyake tu.

Lakini mbona "alikuwa amesimama" mwalimu alisahihisha kuwa "she was standing"?

Alikuwa sahihi, na hili ndilo swali ninalotamani lingeulizwa na kila mtu. Kiambishi -me- kina kazi mbili. Kuna -me- ya tendo lililokwisha: amekula, amelipa, ameandika. Kuna pia -me- ya hali ambayo mtu yumo ndani yake: amesimama, amekaa, amelala, amevaa, amechoka. Mtu akikuambia "bibi amelala", hakuelezi kwamba bibi alimaliza kulala. Anakuambia usipige kelele.

Had huenda na -me- ya kwanza. Ile ya pili huhitaji was, ama na -ing ama na kivumishi:

Alikuwa amevaa kanga. She was wearing a kanga.
Alikuwa amekaa kwenye benchi. He was sitting on the bench.
Bibi alikuwa amelala. Grandmother was asleep.
Tulikuwa tumechoka. We were tired.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni -sha-. Ichomeke uone. "Alikuwa ameshakula" ina maana ileile ya "alikuwa amekula", kwa hiyo tumia had. "Alikuwa ameshavaa" si sawa na "alikuwa amevaa kanga": ya kwanza inasema alikwisha kujiandaa, ya pili inaeleza alivyoonekana. Maana ikihama baada ya kuweka -sha-, ujue ile ya mwanzo ilikuwa hali, na was ndiyo inayofaa. Kipimo hiki si sheria ya vitabuni, lakini hukuokoa mara nyingi.

Umbo la tatu linapatikanaje?

Vitenzi vingi sana huongeza -ed tu, na umbo la pili na la tatu hufanana: cook, cooked, cooked, arrive, arrived, arrived, stop, stopped, stopped. Hapa cha kuangalia ni tahajia. Stop na plan hurudia konsonanti ya mwisho, carry na study hugeuza y kuwa i: carried, studied. Play hubaki na y yake: played.

Vilivyobaki ni vile visivyofuata kanuni, na orodha za vitabu huvihesabu kufika karibu 200. Usiogope idadi hiyo. Ukiondoa vile adimu, unabaki na vitenzi vya maisha ya kila siku, navyo vimejipanga kwa sauti katika makundi.

Kundi la kwanza halibadiliki kabisa: cut, put, hit, shut, set, let, cost, hurt, spread. The price had hit the ceiling, she had shut the shop, it had cost too much. Hakuna cutted wala putted. Read nayo huandikwa vilevile mara tatu, ila mbili za mwisho hutamkwa kama red, ile rangi nyekundu.

Kundi la pili lina umbo la pili na la tatu lililo moja: bring, brought, brought, buy, bought, bought, teach, taught, taught, keep, kept, kept, sell, sold, sold, lose, lost, lost, find, found, found, build, built, built, pay, paid, paid, hear, heard, heard. Hili halina shida sana. Ukijua jana unasemaje, had utaijua pia. Chunga tu watu wasikuambukize teached na buyed.

Kundi la tatu ni dogo lakini lina hila: umbo la tatu hurudi kuwa sawa na la kwanza. Come, came, come. Become, became, become. Run, ran, run. Kwa hiyo ni he had come, na had came ni kosa.

Kundi la nne ndilo linalotenganisha anayejua na anayekisia, maana kila umbo ni tofauti. Sikiliza sauti zake. Sing, sang, sung huenda pamoja na drink, swim, ring, sink na begin: i, a, u. Speak, spoke, spoken huenda na break, steal, choose, freeze: mwishoni kuna n. Write, wrote, written huenda na drive, ride, rise. Know, knew, known huenda na grow, throw, blow, na fly inayotoa flew, flown. Take, took, taken huenda na shake na mistake. Kisha kuna wapweke wa kukariri mmoja mmoja: give, gave, given, eat, ate, eaten, see, saw, seen, fall, fell, fallen, wear, wore, worn, do, did, done, go, went, gone, be, was au were, been.

Kwa nini "had went" si sahihi wakati kila mtu mtaani anaisema?

Kwa sababu went tayari imebeba wakati uliopita ndani yake, na had nayo imeubeba. Kitenzi kinachofuata had hakihitaji wakati. Kinahitaji kuonyesha tendo lililotimia tu, na hiyo ndiyo kazi ya gone. Umbo la pili hujitegemea: She went home. Umbo la tatu haliwezi kusimama peke yake kama kitenzi kikuu. She gone home haijakamilika, inangoja has au had.

Haya ndiyo ninayoyasahihisha zaidi kwenye madaftari na kwenye barua pepe:

had went, sema had gone
had came, sema had come
had ate, sema had eaten
had saw, sema had seen
had did, sema had done
had wrote, sema had written
had took, sema had taken
had broke, sema had broken
had forgot, sema had forgotten
had began, sema had begun
had fell, sema had fallen

Kwenye mazungumzo mtu atakuelewa hata ukisema had went. Kwenye barua ya kuomba kazi, msomaji ataliona kosa kabla ya kuona sifa zako, na hilo linaniuma kwa sababu naona vijana wenye uwezo wakipimwa kwa neno moja.

Mwalimu, "I had drunk" si kusema nilikuwa nimelewa?

Hapana. I was drunk ndiyo "nilikuwa nimelewa". I had drunk two glasses of water ni "nilikuwa nimekunywa glasi mbili za maji", bila aibu yoyote. Naamini hofu hii ndiyo inayowafanya wengi wakimbilie had drank. Rudi kwenye sing, sang, sung: drink, drank, drunk. Andika drunk bila wasiwasi.

Nitajuaje wakati wa kutumia had na wakati wa kuiacha?

Swali hili linahitaji nafasi, maana kuna kosa la kutoitumia na kuna kosa la kuitumia kupita kiasi. Hapa mjini la pili limeenea, hasa maofisini.

Mtu anaandika: I had submitted my application last week. Anataka ionekane rasmi. Lakini msomaji wa Kiingereza akiona had anangoja: kabla ya nini? Kama hakuna tukio la pili, sentensi inabaki inaning'inia. Sema tu I submitted my application last week. Had haimaanishi "zamani sana" wala "kwa heshima". Jambo la miaka mia iliyopita linaweza kusemwa kwa wakati uliopita wa kawaida, na jambo la dakika tano zilizopita linaweza kuhitaji had. Kinachoamua ni mpangilio wa matukio mawili.

Chukua historia yetu. Ukisimulia mambo kwa mfuatano wake, had haihitajiki: TANU was founded in 1954. Tanganyika became independent in 1961. Msomaji anafuata mbele tu. Sasa anzia mbele kisha urudi nyuma: Tanganyika became independent in December 1961. TANU had been founded seven years earlier. Umegeuka nyuma, na had ndiyo inayomwambia msomaji kwamba umegeuka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni vivyo hivyo: It became a full university in 1970; it had opened as a college in 1961.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, aliongoza mbio za mita 1500 na kuvunja rekodi ya dunia. Mmarekani Jim Ryun alikuwa ameishikilia rekodi hiyo tangu 1967. Jim Ryun had held the record since 1967 when Filbert Bayi broke it. Tazama vitenzi viwili: held iko nyuma, ina had, broke ndiyo saa tuliyosimama, haina. Tena, John Walker wa New Zealand alimaliza wa pili siku hiyo, naye muda wake ulikuwa bora kuliko rekodi ya zamani: Walker came second, although he too had run faster than the old record. Run, ran, run. Umeona umbo la tatu likirudi mwanzo.

Penye before na after mpangilio tayari uko wazi, kwa hiyo Kiingereza huruhusu kuiacha had. She locked the shop before she left na she had locked the shop before she left zote ni sahihi. Mimi huiacha, isipokuwa nikitaka kusisitiza kwamba jambo la kwanza lilikamilika kabisa.

Kuna tofauti gani kati ya "when I arrived, they left" na "when I arrived, they had left"?

Kubwa. Ya kwanza: nilipofika, wakaondoka, pengine kwa kuniona. Ya pili: nilipofika, walikuwa wameshaondoka, sikuwakuta. Kwenye before na after had ni ya hiari. Kwenye when mara nyingi ndiyo inayobeba maana yote.

Niliandika "my phone had stolen" nikaambiwa simu haiibi. Nisemeje?

My phone had been stolen. Umesahau been.

Kiswahili huonyesha kutendwa kwa kiambishi kidogo tu ndani ya kitenzi, ile -w-: iba, ibwa, lipa, lipwa, funga, fungwa. Ni rahisi kukipoteza njiani. Kwenye Kiingereza kazi ya -w- hufanywa na been, ambayo yenyewe ni umbo la tatu la be. Kwa hiyo sentensi ya kutendwa ina maumbo ya tatu mawili yaliyofuatana:

Mkutano ulikuwa umeahirishwa. The meeting had been postponed.
Mzigo ulikuwa haujalipiwa ushuru. The duty on the goods had not been paid.
Barua ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili. The letter had been written in Swahili.

Fungua jicho pia kwa vitenzi vyetu vya -ka: vunjika, haribika, katika, mwagika. Hivi havimtaji mtendaji, na kwa Kiingereza mara nyingi havihitaji been. Daladala lilikuwa limeharibika ni the daladala had broken down. Umeme ulikuwa umekatika ni the power had gone off. Maziwa yalikuwa yamemwagika ni the milk had spilled. Lakini kioo kilikuwa kimevunjwa, yaani kuna aliyekivunja, ni the glass had been broken. Tofauti ya vunjika na vunjwa, ambayo tunayo katika lugha yetu, itakuongoza vizuri kuliko kanuni yoyote ya kitabu.

Already, just, never na yet zikae wapi?

Already, just na never hukaa katikati, kati ya had na umbo la tatu: had already eaten, had just left, had never seen. Yet huenda mwishoni na huja na kukanusha: the doctor had not arrived yet.

"Alikuwa hajawahi kupanda ndege" ni she had never flown. Never imeshakanusha, usiongeze not. Na ukiitaka already, kumbuka -sha- haitafsiriwi mara mbili: ameshakula ni already eaten, si already finished eaten.

Kuuliza na kukanusha je?

Had hujitosheleza. Had she eaten? She hadn't eaten. Usilete did wala didn't: did she had eaten haipo.

"Ningejua ningekuja": niseme if I knew au if I had known?

Inategemea unazungumzia wakati gani, na Kiswahili chetu cha Dar hakikusaidii hapa. Kiswahili cha vitabuni hutenganisha: ningejua, ningekuja ni ya sasa, ningalijua, ningalikuja ni ya jambo lililokwisha pita, nafasi imeshapotea. Mtaani -nge- imechukua kazi zote mbili. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri jiulize: nafasi bado ipo? Kama msiba ulikuwa jana na hukuhudhuria, ni If I had known, I would have come.

Makosa mawili hujitokeza. Moja ni if I had know, ambapo umbo la tatu limesahauliwa. Jingine ni if I would have known. Would have haikai upande wa if katika Kiingereza cha kuandika. Upande huo ni wa had. Na kwenye upande wa pili, baada ya would have, umbo la tatu ni lilelile: would have gone, would have taken, would have come.

I wish nayo hufuata njia hiyo: I wish I had studied harder.

Alisema amepoteza kitambulisho: "she said she has lost" au "had lost"?

She said she had lost her ID card. Kiswahili hukiacha kitenzi kama msemaji alivyokitamka: alisema amepoteza. Kiingereza, kauli ikiwa imepita, kwa kawaida hukirudisha kitenzi hatua moja nyuma. I have lost ya kinywani mwake inakuwa had lost kwenye maelezo yako. Hili hutumika sana unapoandika maelezo ya tukio kwa Kiingereza, iwe ripoti ya upotevu au taarifa kwa mwajiri: The driver said that he had not seen the motorcycle. Has hairuhusiwi? Huruhusiwa kama jambo bado liko vilevile sasa hivi, lakini kwenye maandishi rasmi had haikuangushi.

Maswali ya Hardly na No sooner kwenye mtihani yana siri gani?

Mbili tu. Had hutangulia mtenda, na kila neno lina mwenzake: hardly huenda na when, no sooner huenda na than.

Hardly had the ferry docked when the passengers began to get off.
No sooner had the ferry docked than the passengers began to get off.

Wanafunzi hupata docked wakakosa than. Zikariri kwa jozi.

Had been crossing ni tensi ileile?

Ni ndugu yake. Been ni umbo la tatu, kinachofuata ni -ing, na hutumika kwa jambo lililokuwa likiendelea muda mrefu: When the Kigamboni Bridge opened in 2016, people had been crossing the harbour by ferry for decades. Walikuwa wakivuka kwa pantoni miaka na miaka.

Got au gotten? Learnt au learned?

Uingereza husema had got, Marekani had gotten. Learnt, burnt, dreamt na spelt hupendwa zaidi Uingereza. Learned, burned, dreamed na spelled Marekani. Shule zetu zimefuata Uingereza tangu ukoloni, kwa hiyo kwenye mtihani baki upande huo. Kazini fuata walivyoandika wenzako, mradi usichanganye katika barua moja.

Lie na lay hunichanganya.

Huwachanganya hata waliozaliwa na lugha hiyo. Lay ni kulaza au kuweka kitu: lay, laid, laid. She had laid the mat on the floor, alikuwa ametandika mkeka sakafuni. Lie ni kujilaza mwenyewe: lie, lay, lain. He had lain there all night. Ugumu ni kwamba umbo la pili la lie ni sawa na la kwanza la lay. Lie ya kudanganya ni ya kawaida kabisa: lie, lied, lied. Kama lain inakutia shaka, andika had been lying, utakuwa salama.

Mbona siisikii -ed watu wakisema had walked?

Ipo, ila ni fupi. Baada ya sauti kama k, p, s na sh husikika kama t: walked, stopped, missed. Baada ya sauti kama l, n, r na irabu ni d: called, opened, carried. Baada ya t na d pekee ndipo inapokuwa silabi kamili: wanted, needed. Sisi tumezoea kila neno liishie na irabu, ndiyo maana tunaongeza silabi pasipo na silabi.

Nikariri vipi bila kuchoka?

Mimi ninapinga kukariri orodha kwa alfabeti. Arise, awake, be, bear: unakutana na maneno adimu kabla hujafika kwenye eat na go, na sauti hazisaidiani. Chukua kundi moja la sauti, vitenzi vitano au sita, ubaki nalo hadi ulimi ulizoee. Kisha ufanye jambo ambalo orodha haifanyi: tunga sentensi za maisha yako. By the time I reached Gerezani, the rain had begun. My sister had already taken the child to school. Zisome kwa sauti, maana umbo la tatu hukaa sikioni kabla ya kukaa kichwani.

Zoezi jingine lenye faida: chukua habari yoyote ya gazeti la Kiswahili, tafuta kila penye "alikuwa ame-", "walikuwa wame-", "ilikuwa ime-", uandike sentensi hizo kwa Kiingereza. Zipime kwa -sha- kwanza. Ukishindwa umbo la tatu, kamusi nzuri huweka maumbo yote matatu mwanzoni kabisa mwa maelezo ya kitenzi.

Nikiona he'd, ni had au would?

Tazama kinachofuata. Umbo la tatu likifuata, ni had: he'd gone, he'd eaten. Umbo la kwanza likifuata, ni would: he'd go, he'd eat. Vitenzi kama come, run, cut na put havikupi dalili hiyo, kwa kuwa maumbo hayo mawili yanafanana. Hapo soma sentensi nzima: he'd come before noon, so we sent him home ni had, he'd come if you called him ni would.

"She had had lunch" ni kosa la kuchapa?

Si kosa. Had ya kwanza ni msaidizi, ya pili ni umbo la tatu la have: have, had, had. Alikuwa ameshapata chakula cha mchana. Kwenye mazungumzo ile ya kwanza hufupishwa, she'd had lunch, na kukanusha kwake ni she hadn't had lunch.